Mzazi, ni hasira kweli, au ni hofu?



Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto, na shinikizo la damu lina mashine yake pale kituoni. Lakini hakuna kipimo cha moyo wa mama wa Mji Mkongwe aliyemtuma mwanawe Darajani saa kumi jioni, na sasa ni saa moja na nusu usiku, mtoto hajaonekana. Kipimo pekee ni mama mwenyewe. Nasi wazazi wengi, tukiulizwa tunasikia nini moyoni saa kama ile, jibu letu ni moja tu: hasira.

Huenda msomaji akajiuliza, je, hayo nayo ni mambo ya ukurasa wa afya? Ndiyo, ni ya afya. Mtoto anayefikishwa hospitali na mkono uliovunjika kwa kipigo ni mgonjwa, na mzazi aliyempiga naye mara nyingi anaumwa kitu ambacho hajakijua jina. Utafiti wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba hapa Zanzibar zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hatuamini kwamba zaidi ya nusu ya wazazi wa visiwa hivi ni watu wabaya. Tunaamini kwamba wengi huunyanyua mkono kabla ya kujua ni nini kilichowanyanyulia.

NENO MOJA LABEBA MIZIGO MINGI

Kiswahili si maskini wa maneno ya moyo. Tunayo hamaki, ile inayowaka ghafla kama moto wa makuti na kuzimika upesi. Tunacho kinyongo, kinachowekwa moyoni na kutunzwa kama akiba. Kuna gubu, la mtu anayenung'unika siku nzima na huwezi kujua umemkosea nini. Kisha kuna wasiwasi, hofu, fadhaa, haya, aibu, simanzi, upweke, wivu na kijicho. Ajabu ni kwamba nyumbani, mbele ya watoto, maneno haya yote tunayaacha mlangoni na kuingia na moja tu.

Hebu tulitazame neno uchungu. Mwanamke anayejifungua ana uchungu. Dawa ya kwinini ina uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Na mtu aliyeudhika naye husema, "Nimeona uchungu." Wazee wetu waliposema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hawakutenganisha maumivu, mapenzi na hasira, waliviona vyote vinatoka kwenye chungu kimoja. Basi kazi ya mzazi ni kufunua chungu hicho na kutazama ndani mna nini leo.

Turudi kwa mama wa Darajani. Mtoto anatokea saa mbili usiku, nguo zimelowa. Alipita Forodhani, akawakuta wenzake wanajirusha baharini kutoka ukutani, naye akajirusha. Mama hamngojei amalize kueleza, anamchapa. Sasa tuhesabu saa. Tangu saa kumi na moja mpaka saa mbili mama huyu hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na hofu. Alikwisha ona gari limemgonga mtoto, maji yamemchukua, mtu mwovu amemwita kichochoroni. Mtoto alipotokea mzima, hofu ilikosa kazi, ikabadili nguo na kutoka nje kwa jina la hasira. Mtoto akalala akijua kwamba mama ni mkali. Hakujua kwamba mama alikuwa anatetemeka.

Na kisiwa chetu kina sababu za kuogopa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walipotea. Nasi waumini wa Jimbo hili tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, alipouawa Padre Evarist Mushi kule Mtoni alipokuwa anakwenda kuadhimisha Misa. Baada ya mambo kama hayo mzazi anaweza kuwa mkali nyumbani kwa muda mrefu, akifikiri kwamba watoto ndio waliobadilika.

Injili inatupa mfano wa wazazi waliopotelewa na mtoto. Luka, sura ya pili, anaeleza jinsi Yesu akiwa na miaka 12 alivyobaki Yerusalemu, na jinsi Maria na Yosefu walivyomtafuta mpaka wakamwona siku ya tatu Hekaluni. Mama Maria hakunyamaza kimya kama kwamba hakuna kilichotokea. Alimwuliza mwanawe sababu ya kuwatendea vile. Lakini papo hapo alimweleza pia hali ya mioyo yao, yake na ya Yosefu, kwamba katika kumtafuta walikuwa na huzuni. Hakusema walikuwa na hasira. Alilipata jina lenyewe, na akalisema mbele ya mtoto.

YANAYOTOKEA MWILINI

Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: ikihisi hatari hupiga kengele. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Wakati huo ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopima mambo na kutafuta maneno mazuri inazidiwa nguvu. Ndiyo maana mtu akishatulia husema, "Sijui nilisema nini."

Mlinzi huyu hana macho mazuri. Kwake mtoto aliyemwaga uji na mwizi aliyevunja dirisha wanaweza kufanana, hasa ikiwa mwenye nyumba hajalala siku mbili.

Mwaka 2007 mtaalamu Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu, huku wakiutazama ubongo wao kwa mashine. Mtu alipochagua neno la kuitaja hisia aliyoiona, ile lozi ilitulia, na sehemu moja ya mbele ya ubongo ikazidi kufanya kazi. Kwa hiyo kuipa hisia jina lake ni tendo linaloonekana ubongoni. Asidhani mtu ni maneno ya kujifariji tu.

Lakini jina linatakiwa litafutwe mapema, kabla maji hayajachemka. Kila mtu ana dalili zake. Mmoja masikio humpata moto. Mwingine taya hukaza, au tumbo husokota, au sauti humpanda bila yeye kujua. Muulize mwenzio wa ndoa, atakuambia dalili yako ni ipi, maana yeye huiona kabla yako. Ukiisikia, mwache mtoto mahali pa salama, nenda uani, nawa uso, vuta pumzi na uitoe polepole. Wengine husali Salamu Maria moja taratibu, na kwa kweli inafaa hata kitabibu, kwa sababu inamlazimu mtu atoe pumzi ndefu. Adrenalini haiondoki kwa sekunde. Inahitaji dakika kadhaa. Katika dakika hizo jiulize: ningekuwa sina ruhusa ya kulitumia neno hasira, ningesema nina nini?

Kwa mwenye mtoto mchanga, neno moja la lazima. Kilio cha watoto wachanga huongezeka tangu kuzaliwa na kwa kawaida hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Hata mtoto mwenye afya aweza kulia bila sababu inayoonekana. Mlaze chali kitandani, toka nje, mwite jirani. Usimtikise kamwe. Shingo yake ni dhaifu, na kumtikisa kwa nguvu kwaweza kupasua mishipa ya damu ubongoni, akapofuka, akapooza au akafa.

UCHOVU HUVAA NGUO ZA HASIRA

Chukulia mama wa Bwejuu au Jambiani anayelima mwani. Kazi yake inafuata bahari. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, huenda pwani na kamba na vigingi vyake, akasimama majini saa nyingi, jua kichwani na chumvi machoni, kisha akaubeba mwani ulioloa mpaka pa kuanikia. Anarudi nyumbani anakuta ndoo tupu na sahani za jana. Mtoto anauliza, "Mama, leo tunakula nini?" Swali hilo halina kosa lolote, lakini siku hiyo linasikika kama tusi.

Mama kama huyu tungemshauri jambo rahisi. Achukue kalenda ya ukutani, na kila siku aliyowapigia watoto kelele aweke alama. Baada ya miezi miwili atazame. Huenda alama zikajipanga kwenye siku za bamvua, au siku chache kabla ya hedhi, au mwisho wa mwezi fedha inapokatika. Hapo atajua kwamba utundu wa watoto haukuzidi siku zile. Nguvu zake ndizo zilizopungua. Na jambo linalojulikana siku yake linaweza kupangiwa: chakula kipikwe mapema, binti wa dada yake aje kusaidia, baba achote maji.

Sisi wa Unguja tulijifunza jambo hili kwa pamoja tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme baada ya njia ya waya wa chini ya bahari kutoka Bara kuharibika. Pampu zilisimama, na maji yakawa ya kubeba. Aliyekuwa na watoto wadogo ghorofani Michenzani siku hizo hahitaji daktari kumweleza uhusiano wa ndoo na hasira.

Aidha, yapo magonjwa yanayojificha nyuma ya ukali. Upungufu wa damu humfanya mtu achoke na kukereka kwa jambo dogo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hupungua uzito, moyo humwenda mbio, hutokwa jasho, hana subira. Mama anayekaribia ukomo wa hedhi anaweza kukosa usingizi miezi mingi. Ikiwa wewe ulikuwa mpole na sasa hujitambui, nenda ukapimwe kabla ya kujihukumu.

AKINA BABA

Kwa mwanamume wa pwani hisia zinazoruhusiwa hadharani ni chache. Akilia, anaambiwa ajikaze. Akisema anaogopa, atachekwa barazani. Hasira pekee ndiyo haichekwi, kwa hiyo mengine yote yanapita kwenye mlango huo mmoja.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokata safari za watalii, hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zilifungwa, na wafanyakazi wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Baba aliyezoea kuleta mkate akawa anakaa nyumbani mchana. Mtoto akiomba fedha ya daftari, anafokewa. Ile haikuwa hasira ya daftari. Ilikuwa aibu, na chini ya aibu mlikuwa na huzuni. Lakini nani angemfundisha baba huyo kumwambia mwanawe, "Baba hana fedha leo, na jambo hilo linaniumiza"? Maneno manane tu, lakini kwa wengine ni mazito kuliko gunia la karafuu.

Aibu ina siku zake nyingine pia. Mojawapo ni siku ya matokeo ya kidato cha pili. Mtoto amefeli, jirani wa mlango wa pili wa kwake amefaulu. Mzazi anayemfokea mtoto siku hiyo ajiulize kwa unyofu: naogopa maisha yake ya mbele, au naogopa nitakaloambiwa Jumapili nje ya Minara Miwili? Yote mawili ni ya kibinadamu. Ila la kwanza ni la mtoto, na la pili ni la kwangu mwenyewe. Si haki alipie yeye.

MIZIMU YA MALEZI YETU

Wako wanaosema, "Mimi nilichapwa na nimekuwa mtu." Tunawaheshimu. Hata hivyo mwaka 1975 Selma Fraiberg na wenzake wawili, waliokuwa wakiwahudumia mama na watoto wachanga huko Michigan, Marekani, waliandika makala maarufu wakisema kwamba katika chumba cha kila mtoto huingia mizimu ya utoto wa wazazi wake. Waliona mama aliyekuwa hasikii kilio cha mtoto wake, kwa sababu kilio chake mwenyewe zamani hakikusikiwa. Na waliona jambo la kutia moyo: mama alipokumbuka si kipigo tu, bali na jinsi alivyoumia alipokipata, aliweza kumkumbatia mtoto wake. Kumbe haitoshi kukumbuka kwamba ulichapwa. Ulisikia nini, umekaa pale kwenye ngazi peke yako? Mtu akisema "samaki mkunje angali mbichi", amkumbuke na huyo samaki.

Tugusie na wivu, kwa ufupi, maana watu hawapendi kuukiri. Mama anayefanya kazi hotelini na kulala huko siku tano anarudi, na mtoto anakimbilia kwa yaya. Basi yaya siku hiyo haoshi vizuri, hapiki vizuri, kila kitu kibaya. Dada huyo hana kosa. Mama ana wivu, na nyuma ya wivu ana majonzi ya siku tano alizozikosa. Akijua hivyo ataacha kumfukuza msichana wa watu, na badala yake atakaa chini na mtoto kwenye mkeka mpaka amzoee tena.

BAADA YA AROBAINI

Mila yetu ya siku 40 ni nzuri. Mzazi anakandwa, anapikiwa uji, mama yake au shangazi analala naye. Tatizo ni siku ya 41. Shangazi anafunga mzigo wake, na mama anabaki na mtoto, giza na mawazo.

Siku chache baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu. Hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Lakini ikiwa huzuni inazidi wiki mbili, hapati usingizi hata mtoto akilala, chakula hakipiti, anamtazama mtoto kama wa mtu mwingine, au anajiona hafai, hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote mama 13 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hukaribia 20. Mara nyingi dalili ya kwanza watu wanayoiona ni ukali, hivyo husema, "Huyu tangu azae amekuwa na kisirani." Na kama anasikia sauti, au anasema mtoto ni shetani, au anataka kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mganga hawezi kuwa wa kwanza.

JE, NI DHAMBI?

Wengi huungama hasira kana kwamba kuihisi tu ni kosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala si mbaya. Hupata uzito wa kimaadili kadiri zinavyohusika na akili na utashi. Marko, sura ya tatu, anaeleza kwamba Bwana wetu aliwatazama watu katika sinagogi kwa hasira, na papo hapo alihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Hisia mbili kwa wakati mmoja, na mwinjili hakuona haya kuzitaja zote. Kisha Yesu akamponya yule mwenye mkono uliopooza. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakolosai, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakavunjika moyo.

Mzazi aliyekwisha fanya kosa afanye nini? Amwendee mtoto wakati wote wametulia, akae chini walingane macho, na aseme jambo lenyewe kwa jina lake: "Mwanangu, jana nilikupiga. Nilikuwa nimeogopa kwamba bahari imekuchukua. Kuchelewa kwako ni kosa, na kukupiga vile ni kosa langu." Baadhi ya wazee watasema hiyo ni kujishusha. Sisi tunaona kwamba mtoto aliyeambiwa hivyo anapata mambo mawili ambayo fimbo haimpi: anajua kwa nini arudi mapema, na anajifunza neno la kutumia siku naye moyo wake utakapomtetemeka.

Asiyeweza kujizuia, ambaye mkono unatangulia kila mara, au anayeona giza moyoni wiki baada ya wiki, atafute msaada. Aanze kwa kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mnazi Mmoja. Hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo yenye wataalamu wa afya ya akili, na kwa bahati mbaya jina lake wengine hulifanyia mzaha, hata wagonjwa wakaona haya kupita langoni. Mtoto anayeteswa, au jirani anayesikia, anaweza kupiga simu namba 116, ambayo haitozwi fedha. Ukimwona daktari usiseme tu, "Nina hasira." Mweleze unalala saa ngapi, umezaa lini mara ya mwisho, unatumia dawa gani, na ile kalenda yako yenye alama nenda nayo.